Njia Iliyopita Ukumbini

Watu wengi wakisikia kazi yangu ni kupanga matumizi ya ardhi na makazi, hudhani nashinda kwenye kiyoyozi nikichora mistari. Kiyoyozi cha ofisi yetu kiliharibika zamani, na mistari naichora chini, kwa chokaa, mbele ya macho ya wenye nyumba. Ramani haimuumi mtu. Unaweza kumwonyesha mtu ramani inayopitisha barabara katikati ya kitanda chake, naye akaitikia kwa adabu na kuuliza kama mkutanoni kutakuwa na soda. Mmwagie chokaa mlangoni, hapo ndipo mtazungumza.

Naitwa Velma Kadenge. Kutoka Likoni hadi Kisauni, na Changamwe yote, ukiona mtaa uliobanana umepata barabara, bomba na taa, uliza ni nani aliyeupanga. Mara nyingi utatajiwa mimi, na mara nyingine utatajiwa kwa matusi. Sijali. Kule Mtopanga kuna mzee ambaye hadi leo akiniona hutema mate kando, ilhali gari la taka linafika mlangoni kwake kwa sababu yangu. Kazi hii haimtaki mtu anayependa kupendwa. Inamtaka mtu anayejua anachokifanya, na mimi najua.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya Kwa Tinga, kijiji kilichoko Chaani, kati ya reli na maegesho ya malori ya bandarini. Nyumba zake zimebanana hivi kwamba ukikaanga samaki, jirani anajua ni samaki gani. Gari haliingii. Moto ulipozuka kwenye duka la magodoro, gari la zimamoto lilisimama barabara kuu, mipira yake ikaishia njiani, na watu wakapambana kwa ndoo hadi nyumba kadhaa zikawa majivu. Wagonjwa hubebwa mikononi. Maiti vilevile, na jeneza likifika kwenye kona fulani husimamishwa wima, jambo ambalo hakuna anayependa kulisimulia.

Sasa palikuwa na mradi: maji safi, mtaro wa majitaka, taa, na baadaye nyumba mpya za kupangisha kwa bei ambayo watu wa pale wanaiweza. Sharti lilikuwa moja. Ipatikane barabara ya mita sita kutoka barabara kuu hadi kioski cha maji kilichoko katikati ya kijiji, na wenyeji wenyewe waikubali kabla ya mvua za masika. Wasipokubali, fedha zingevuka kivuko kwenda Likoni, ambako mwenzangu Cheryl alikuwa na mtaa wake tayari, na kila asubuhi alinisalimia kwa tabasamu la mtu anayesubiri urithi.

Niliizunguka Kwa Tinga kwa majuma kadhaa, ingawa sikuwa na haja. Nimekulia pale. Shangazi yangu Kanze, dada ya marehemu baba, alinichukua wazazi wangu walipofariki, akanilea katika nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba kwa biashara ya nazi na samaki. Ni nyumba ya Kiswahili kama unavyozijua: baraza mbele, mlango, kisha ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Viwili ni vyake na vinne amepangisha. Ukisimama barazani unauona mlango wa nyuma.

Zamani njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa kichochoro kilichopita upande wa pili wa nyumba ya jirani, pamoja na kiwanja kidogo cha wazi ambapo watoto tulicheza. Kisha akaja Kamau, mtu wa bara, mfanyabiashara wa vipuri vya malori. Alinunua nyumba ile ya jirani, akaibomoa, akasimamisha ghorofa ya mawe. Ngazi yake ya zege akaishusha kichochoroni. Pale kwenye kiwanja akapachika vyumba vya mabati vya kupangisha, na njia ikafa. Watu walinung'unika kwa siku chache, kama ilivyo kawaida yetu. Halafu mwanamke mmoja mwenye mtungi kichwani akasimama barazani kwa shangazi, akasema, "Hodi, napita." Shangazi akamwambia, "Pita."

Hiyo ikawa ndiyo njia. Tangu alfajiri hadi usiku, Kwa Tinga yote hupita ukumbini kwa shangazi Kanze: wenye mitungi, wanafunzi, makuli wanaotoka zamu ya bandarini, mafundi na misumeno yao, wakati mwingine mbuzi. Unasema hodi napita, unaambiwa pita, unaukata ukumbi, unatokea uani na kuendelea na safari yako. Mimi nilifanya masomo yangu ya sekondari katika chumba ambacho nje ya mlango wake kijiji kizima kilikuwa kikipita. Visigino vya watu wa Kwa Tinga navijua kuliko nyuso zao.

Basi nilipokaa kuchora, sikuhitaji wa kuniambia barabara ipite wapi. Barabara ilikuwepo tayari. Ilikuwa na mlango mbele na mlango nyuma. Mstari kutoka barabara kuu hadi kwenye maji ulipita katikati ya ukumbi wa shangazi yangu, kwa mteremko mzuri wa kupeleka majitaka, bila kugusa hata jiwe moja la ghorofa. Na kwa mfuko wa mradi ndio uliokuwa mwepesi, maana nyumba ya shangazi, kama nyingi za huku kwetu, ni nyumba bila ardhi. Kuta ni zake, lakini kiwanja ni cha familia moja ya mjini anayoilipa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo ikivunjwa, mwenyewe hulipwa kuta tu.

Nilimwambia mkubwa wangu, Bwana Nzai, mapema kabisa kwamba mwenye nyumba hiyo ni shangazi yangu. Alivua miwani.

"Na bado umepitisha mstari hapo?"

"Hapo ndipo unapopita," nikamwambia.

"Wewe Velma ni mtu wa hatari," akasema, na alisema kwa kusifu. Nilitoka ofisini mwake kifua mbele.

Shangazi sikumwambia. Kanuni yetu ni kwamba watu wote huujua mstari siku moja, mahali pamoja. Ukimdokezea mmoja, kesho utakuta amesimamisha vyumba vipya vya mabati ili alipwe fidia. Kwa desturi ya kwetu, kanuni hiyo ni utovu wa adabu. Jambo zito hupelekwa kwanza kwa mkubwa wa nyumba, taratibu, ukiwa umeketi, kabla halijafika kwa watu. Hilo pia nililijua. Nikachagua kanuni.

Siku ya chokaa watu walifurika. Mwenyekiti wa kamati ya kijiji, Philister, mwanamke mwenye kibanda cha kutuma pesa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, ndiye aliyenishikia ndoo. Kamau alisimama juu ya ngazi yake, mikono kifuani, akitutazama. Nilianzia barabara kuu nikimwaga chokaa polepole, umati nyuma yangu, na kila nyumba tuliyoikwepa nilisikia wenyewe wakishusha pumzi. Tulipokata kona, mstari ukanyooka, ukapanda barazani kwa shangazi.

Shangazi alikuwa ameketi ukumbini akichagua mchele kwenye ungo. Hakushtuka kuona watu. Watu ni kila siku.

"Hodi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Pita," akasema bila kuinua macho.

Nikapita, nikimwaga chokaa. Ilimbidi asogeze mguu. Ndipo alipotazama chini, akauona mstari mweupe mbele ya nyayo zake, akaufuata kwa macho hadi uani, kisha akaurudia hadi mlangoni. Umati ulikuwa umejazana barazani. Nilifika uani, nikageuka, nikaeleza kwa sauti ile ile ninayoeleza nayo kila mahali: mita tatu kulia, mita tatu kushoto, mwenye nyumba atalipwa, mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya muda wa kisheria kwisha. Philister akaomba wanaokubali wainue mikono.

Mikono ikainuka. Ilikuwa mikono ninayoijua. Mama aliyekuja kuazima chumvi jana yake aliinua. Kuli aliyepita asubuhi ile na mahamri ya shangazi mdomoni aliinua. Hawakuwa na ubaya naye. Kila mmoja alikuwa anashukuru tu kwamba kwake kumepona. Kule juu ya ngazi, Kamau aliinua mikono yote miwili.

Shangazi aliendelea kuchagua mchele mpaka mtu wa mwisho akaondoka. Kisha akaweka ungo chini.

"Nani alikuonyesha upite humu?"

"Watu wanapita humu, shangazi. Miaka yote hii. Hii ndiyo njia ya Kwa Tinga."

"Wanapita kwa sababu niliwaruhusu."

"Najua."

"Aliyeziba njia ya watu amebaki na ghorofa yake. Mimi niliyewafungulia nyumba yangu navunjiwa. Hebu nieleze hesabu hiyo."

Nikamweleza. Nilimweleza gharama ya kubomoa zege, ugumu wa kuihamisha ngazi, mteremko wa mtaro, na kwa nini mstari ulionyooka ni bora kuliko uliopinda. Nilieleza vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikwambie, mwanangu. Hukupitisha mstari humu kwa sababu ya zege. Umeupitisha humu ili wakubwa wako waseme Velma hapendelei jamaa zake. Umejitafutia sifa kwa kuta zangu. Na hata kuja kuniambia hukuja. Umeniingilia na watu, na ndoo."

"Kanuni hairuhusu, shangazi."

"Na kanuni yangu mimi hairuhusu nikupe chakula leo. Nenda kwenu."

Nilikuwa kwetu. Niliondoka hata hivyo, nikimnung'unikia peke yangu njia nzima hadi Makupa. Kwamba hanielewi, nilizoea. Kwamba amenielewa, hilo lilinikera sana.

Kesho yake asubuhi shangazi Kanze alifunga mlango wa mbele, akatia komeo.

Hakuandika pingamizi. Hakumtukana mtu. Wapangaji wake aliwaambia watumie mlango wa uani, na yeye akaendelea na shughuli zake ndani. Watu walifika barazani na mitungi yao, wakabisha hodi, wakasubiri kuambiwa pita. Kimya. Ikabidi wazunguke. Kuzunguka Kwa Tinga ni kuteremka hadi kando ya reli, kuuruka mtaro wa maji machafu, kisha kupanda tena kwa upande wa pili kwenye udongo unaoteleza. Mtu mwenye mtungi kichwani haruki mtaro. Hushuka ndani yake, akatoka na harufu.

Mwanzoni walicheka. Mama amenuna, walisema, atachoka kununa. Baadaye kicheko kikaisha. Vijana wa mikokoteni ya maji walikataa kufika nyumba za juu. Wanafunzi wakawa wanaingia darasani na viatu vya matope. Wapangaji wa Kamau, wale wa vyumba vya mabati, wakaanza kuhama mmoja mmoja wakisema maji yako mbali. Ndipo Philister akanipigia simu.

"Bi Velma, mwambie shangazi yako afungue."

"Kwa sheria gani?"

"Si ni barabara? Wewe mwenyewe umeichora."

"Itakuwa barabara ikishalipwa na kuvunjwa. Leo ni nyumba ya mtu, na mlango ni wa mtu. Ukitaka kupita kwake, mwombe."

"Tumemwomba. Anasema tumeshainua mikono, tungojee barabara yetu."

Nilicheka hadi nikakohoa. Philister hakucheka. Nilikuwa bado nimemkasirikia shangazi, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikumwonea fahari. Mimi nilikuwa nimetumia majuma mazima na magunia ya chokaa kuwafanya watu wa Kwa Tinga waifikirie njia yao. Yeye alikuwa ametumia komeo.

Nikarudi kwenye mchoro wangu. Sikuutazama kwa huruma, maana huruma haipeleki majitaka. Niliutazama kwa jicho la kazi, na safari hii nikaona kitu ambacho bei ya zege ilikuwa imekifunika. Habari za mpango huenda mbali kuliko mpango wenyewe. Kabla sijamaliza Kwa Tinga, kila kijiji kuanzia Likoni hadi Kisauni kingekuwa kimesikia kwamba ukiziba njia utaachwa, na ukiwafungulia watu utavunjiwa. Mwaka ujao ningefika mtaa mwingine na kukuta kila kichochoro kimeshushiwa ngazi, na kila mlango uliokuwa wazi umetiwa komeo. Ningekuwa nimejenga barabara moja na kuua mia. Hilo halikuwa wazo la mtoto wa nyumbani kwa Kanze. Hata kama mwenye nyumba angekuwa mtu baki, ningefikia pale pale.

Nilimpelekea Bwana Nzai mstari mpya, unaopita kwenye kichochoro cha zamani. Alivua miwani tena.

"Watu watasema umeihamisha barabara kwa ajili ya shangazi yako."

"Watasema. Nitawajibu mbele ya watu, na hesabu zangu mkononi. Na wewe utakuwepo, ili mtu asiseme nimeficha kitu."

"Na huyo mwenye ghorofa? Akienda mahakamani, mvua itatukuta, na fedha zitakwenda kwa Cheryl."

"Kamau niachie mimi."

Nilimkuta Kamau nyumbani kwake jioni, ameketi kwenye ile ngazi na kikombe cha chai. Alianza kabla sijasalimia vizuri.

"Madam, mimi niko na karatasi zangu zote."

"Za nyumba unazo. Za kichochoro na kile kiwanja huna, na tukianza kuzitafuta sote wawili tutachoka bure. Lakini sikuja kukutisha. Nimekuja kukuonyesha kitu. Hebu inuka."

Akainuka. Nikapanda naye hadi juu, tukasimama ukutani.

"Mstari ukipita kwa shangazi yangu, barabara itakuwa upande gani wa nyumba yako?"

"Upande wa nyuma."

"Na nyuma una nini?"

Akakuna kidevu. "Vyoo."

"Vyoo, na ukuta usio na dirisha. Taa zote, watu wote, magari yote, yatapita nyuma ya choo chako. Sasa geuka. Ikipita huku ulikoziba, vyumba vyako vya chini vinageuka maduka yanayotazama barabara. Mradi unakujengea ngazi nyingine upande wa pili. Wewe unaondoa mabati."

"Na wale watu wangu wa mabati?"

"Wepi? Waliobaki nimewapita hapo chini, mmoja anafunga godoro kwa kamba."

Kamau alichungulia chini. Godoro lilikuwa mlangoni kweli. Akanywa chai yake, ambayo nadhani ilikuwa imeshapoa.

"Huyo mama yako ni mgumu," akasema hatimaye.

"Ni shangazi. Na amenilea yeye."

"Sasa naona." Alicheka kidogo bila kutaka. "Watu wa hapa hawajawahi kuniambia nilifanya vibaya. Miaka yote. Walizunguka tu, wakapita kwa mama."

"Wangekwambia ungebomoa?"

"Sijui," akasema, na nilimheshimu kwa jibu hilo. "Siku hiyo mlikuja na ndoo niliinua mikono miwili."

"Nilikuona. Safari hii nataka mmoja tu."

Mkutano wa pili ulikuwa mkali, na niliufurahia. Mtu mmoja alisimama akasema damu ni nzito, Velma amemwokoa jamaa yake. Nilimwita mbele. Nilimwambia yeye ndiye aliyeinua mkono shangazi avunjiwe, na yeye ndiye niliyemwona juzi akitoka mtaroni na mtungi, basi atueleze ni mstari gani kati ya hii miwili ambao mtu akiufuata hapati hasara kwa kuwa mwema. Akakaa. Nikataja gharama za mistari yote miwili, wa kwanza na wa pili, bila kuficha kwamba wa pili ulikuwa ghali zaidi, na nikaeleza ni wapi nitapunguza ili fedha zitoshe. Kisha Kamau akainuka na kuitangazia Kwa Tinga, kwa maneno mengi na mkono kifuani, kwamba ameamua kuwarudishia wananchi njia yao. Alipigiwa makofi kana kwamba wazo limemjia katika maombi. Nilipiga makofi kuliko wote. Mtu akifanya jambo jema kwa faida yake, mimi sina ugomvi naye.

Chokaa ikamwagwa upya. Kabla hatujafika kwenye kioski nilisikia komeo likivutwa. Shangazi alikuwa amefungua mlango.

Mvua zilikuta mtaro umeshachimbwa. Mwisho wa mwaka barabara ilikuwa imekamilika, mita sita kamili, na taa zake, na siku ya kuifungua gari la zimamoto liliingia hadi kwenye kioski kwa ajili ya maonyesho tu, watoto wakilifuata nyuma. Bwana Nzai alinishika mkono mbele ya wageni. Cheryl alikuja kutoka Likoni, akakagua mtaro wangu wote akitafuta kosa, akarudi bila kosa. Sikumbuki siku nyingine niliyotembea nikijiona mrefu kiasi kile.

Wageni walipoondoka nikaenda kwa shangazi. Tulikuwa tumeshapatana kwa namna yetu; chakula nilikuwa napewa, ingawa jambo lile hatukuwa tumelizungumza tena. Nilitaka aniambie kitu siku ile. Sitaona haya kusema: nilitaka kusifiwa.

Mlango ulikuwa wazi. Shangazi hakuwepo. Nikaketi ukumbini kumsubiri, nikanyoosha miguu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba naweza kunyoosha miguu. Tangu utotoni, ukiketi pale ulikuwa unakunja miguu kila dakika ili mtu apite. Nilisikia watu, wengi, wakicheka na kusalimiana upande wa pili wa ghorofa ya Kamau. Upande huu hakukuwa na kisigino hata kimoja.

Shangazi aliingia kwa mlango wa uani, akachukua kigoda chake, akakitia kwapani.

"Umekuja," akasema. "Kuna wali kwenye sufuria. Mimi narudi."

"Unarudi wapi?"

"Dukani. Nimechukua duka moja la Kamau, lile la kwanza. Nauza nazi na maji baridi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Kwa Kamau? Shangazi, una nyumba ya vyumba sita hapa. Nimepigana na kijiji kizima isivunjwe, halafu wewe unakwenda kumlipa Kamau kodi?"

"Watu wako kule, Velma. Hapa nakaa kutwa sisemeshwi na mtu. Juzi nilijikuta nazungumza na paka."

"Mbona hukuniambia kama ulitaka barabara ipite hapa?"

Aliweka kigoda chini, akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Sikufunga mlango kwa ajili ya kuta," akasema. "Kuta nilizijenga mwenyewe, ningejenga nyingine. Ukumbi huu niliwapa watu ambao hata sijui majina yao, kwa sababu walisema hodi. Ungekuja siku moja kabla, ukaketi hapo ulipoketi, ukaniambia shangazi, nautaka ukumbi wako, ningekupa. Ungekunywa na chai."

Akakiokota kigoda, akatoka. Nikamsikia akifika upande wa pili, na sauti nyingi zikimwamkia kwa pamoja.

Kwa Tinga ina barabara, bomba, mtaro na taa. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nitasema hivyo popote, mbele ya yeyote. Lakini jioni ile nilikaa ukumbini mpaka ndani kukawa giza, miguu nimeinyoosha, nikiwasikiliza watu wa kijiji changu wakipita kule, na hakuna aliyehitaji niikunje ili apite.